Nyumba Isiyo na Haya

Mwenye duka alisema, "Haya mama, tuanze na huu wa mbao," na mteja wake akakunja magoti na kunyoosha mikono yote miwili mbele, kana kwamba kuna mtoto anaanguka kutoka kitandani. Mkoba ukadondoka. Mwenye duka alirudi nyuma hatua moja, wavu mkononi, akimtazama kwa juu ya miwani.

"Samahani," alisema yule mama, akiinama kuokota mkoba. "Ni mazoea tu."

Mwenye duka hakuuliza ni mazoea gani. Anayeuza vifaa vya uvuvi ameshaona watu wenye mambo yao, na huyu angalau alikuwa mtu mzima, nguo safi, pindo la sketi limenyooka kama limepigwa rula. Lilinyooka kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Mtaani walimwita Mama Pindo. Tangu macho yaanze kuchoka alikuwa ameacha kushona gauni zima, akabaki na marekebisho: kukunja pindo, kubadili zipu, kupunguza kiuno cha aliyekonda na kuongeza cha aliyenenepa huku akikana kwamba amenenepa. Chumba cha kazi alishirikiana na mumewe. Ukutani palikaa cherehani. Dirishani palikaa meza ndogo iliyojaa saa za watu zilizofumuliwa matumbo, na nyuma ya meza alikaa mume, lenzi imebanwa jichoni. Huyo mtaa ulimwita Fundi Saa, na mkewe alimwita Fundi. Kwa miaka thelathini na moja walifanya kazi wamepeana mgongo, wakibishana hivyo hivyo bila kugeuka.

Sasa meza ya dirishani ilikuwa imefunikwa kitambaa, na mwenye saa akifika aliambiwa apitie baadaye.

"Nataka wavu wa kuopolea," Mama Pindo alisema. "Wa trauti. Mume wangu anavua kwa nzi wa manyoya."

Kwa asiyejua: trauti ni samaki wa maji baridi, yale ya juu milimani, mwenye madoa ubavuni na akili nyingi kuliko kichwa chake kinavyoonyesha. Havuliwi kwa mnyoo na ndoo ya kukalia. Mvuvi hufunga manyoya na nyuzi kwenye ndoana ndogo mpaka ifanane na mdudu, halafu huirusha kwa ufito mrefu na mshipi, itue juu ya maji kama nzi aliyejisahau. Samaki akidanganyika, kazi ndiyo kwanza inaanza. Anavutwa taratibu, anakimbia, anavutwa tena, na akishachoka ndipo unapohitajika ule wavu wenye duara na mpini wa kumpokea. Bila wavu mshipi unakatika pale pale miguuni pako. Mama Pindo na mumewe hawakuwa wakila samaki wao. Walimshikilia ndani ya maji, wakamtoa ndoana, wakamwachia. Mtaa mzima uliona huo ni upungufu wa akili, na shangazi mmoja alikuwa akiuliza kila mwaka ni lini watamletea hata picha ya samaki aipike.

Mwenye duka alipanga nyavu tatu juu ya kaunta. Mama Pindo akavaa miwani ya kazi, akaugeuza wa kwanza ndani nje kama anavyogeuza suruali iliyoletwa na mteja mbishi.

"Huu nani kaushona?"

"Unatoka kiwandani, mama."

"Huko kiwandani hakuna anayejua kufunga uzi. Ona hapa. Na mafundo yake makubwa hivi, samaki atachubuka ule ute wake wote. Mnampaka dawa baadaye?"

Mwenye duka alikohoa. Wa pili ulikuwa wa uzi laini usio na mafundo. Mama Pindo akausifu kidogo, akavuta pembe moja kwa ukucha, akauweka. Wa tatu mfuko wake ulikuwa wa mpira, mwepesi, matundu mapana, haushiki ndoana na haumchubui samaki. Huo alikaa nao. Aliupitisha vidole, akaupima kina kwa kiganja, na kwa muda mfupi kabisa uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeifurahia kazi.

"Huo tunao wa mpini mrefu na wa mpini mfupi," mwenye duka alisema, akiona mambo yanaelekea kuzuri. "Mfupi ni wa mtu anayevua peke yake. Ufito mkono huu, wavu mkono huu. Mrefu ni wa kusaidiwa: mmoja anavuta, mwingine anasimama pembeni na wavu. Nyinyi mnavua wawili au mmoja?"

Mama Pindo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wawili," alisema. Kisha akasema atarudi, kuna kazi ya mtu ameiacha kwenye cherehani, akatoka mikono mitupu.

Hakukuwa na kazi ya mtu. Siku mbili kabla ya hapo daktari alimwita koridoni, karibu na ndoo ya kudekia, akamwambia kwamba moyo wa mumewe umechoka na hakuna cha kuuchangamsha tena. "Mpeleke nyumbani, mama. Mpe anachopenda. Tunahesabu wiki, sita au nane." Mama Pindo aliitazama ile ndoo muda wote, na mpaka leo anaikumbuka vizuri kuliko sura ya daktari. Aliuliza kama mgonjwa mwenyewe ameambiwa. Daktari akasema wengine hupenda kuambiwa na mtu wao, akamgusa bega, akaenda zake. Ni rahisi kugusa bega na kwenda zako.

Basi akamrudisha nyumbani kwa teksi, miguu imevimba mpaka viatu haviingii, akamkalisha kwenye kiti cha mito kwa sababu akilala chali pumzi hazitoshi. Na Fundi, hata kabla ya kumaliza kikombe cha kwanza cha chai, akaomba aletewe wavu wake autazame. Alipokuwa amelazwa, panya waliingia stoo. Duara la mbao lilikuwa limetafunwa, na mfuko umebaki nyuzi nyuzi.

Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Wamekula wavu! Hiyo njaa gani, ya kutafuna harufu ya samaki wa mwaka jana?" Alipotulia alisema, "Kanunue mwingine. Lakini uchague wewe, Pindo. Usimwachie mwenye duka. Uchague kwa mkono wako."

Hapo ndipo mahali pa kukaa chini, kumshika mkono na kumwambia: Fundi, mtoni huendi tena. Mama Pindo alijua kwamba ni hapo. Alipiga moyo konde, akafungua mdomo, na kilichotoka ni, "Sawa."

Alisema "sawa" kwa sababu ile nyumba watu hawasemi "haya". Ni jambo la kijinga ukilisimulia, lakini ndivyo ilivyokuwa, na lilianza mbali.

Mwaka wa kwanza wa ndoa Fundi alikuwa akipotea kila Jumamosi. Mke akakubali wiki tatu. Ya nne akafunga kitambaa kichwani, akasema anakwenda kumwona huyo mto ana nini cha kumshinda yeye. Alikuta maji ya barafu, mawe yanayoteleza, na mwanamume aliyesimama humo akitabasamu peke yake. Alikasirika sana. Lakini Jumamosi iliyofuata alikwenda tena, na iliyofuata, na kwa kuwa hakupenda kukaa bure alipewa wavu. Akafundishwa. Wavu unatangulia majini, unatulia chini. Samaki ndiye anayeletwa juu yake, wewe humkimbizi. Unangoja. Mwenye ufito atasema "bado, bado, bado," na wewe hupumui. Akisema "haya," unainua kutoka chini, polepole, kama unambeba mtu aliyelala. Maneno mawili tu, na yote ni ya mwenye ufito.

Walikwenda hivyo miaka kumi na miwili bila kukosea. Halafu siku moja wakamnasa yule waliyemwita Diwani, kwa sababu alikuwa mkubwa, mnene, na kila mwaka alionekana mara moja tu kisha anapotea. Fundi alimvuta kwa nusu saa. Mama Pindo alisimama maji mapajani, wavu chini, miguu haina hisia. "Bado," Fundi alikuwa akisema. "Bado. Bado." Na Diwani amelala ubavu, anakuja, amebakiza dhiraa mbili. Ndipo mpita njia mmoja kwenye ukingo, mtu mwema kabisa, akapaza sauti: "Habari za kazi, wazee! Mmepata?" Fundi, bila kugeuza shingo, ili amwondoe upesi, akamjibu, "Haya, haya, nzuri!"

Mama Pindo akainua wavu.

Ukapiga mshipi, mshipi ukakatika, na Diwani akatingisha mkia mara moja, bila haraka, akarudi kwenye shimo lake. Fundi alikaa juu ya jiwe. Hakumlaumu. Walipofika nyumbani alitundika ufito, akanawa mikono, akasema, "Kuanzia leo neno lile ni la mtoni. Halisemwi kwingine kokote, wala kwa mtu mwingine yeyote."

Jaribu uone. Jaribu kumuaga mgeni, kukubali agizo, kumwamsha mtoto, kukatisha mazungumzo ya jirani, bila kulisema. Wao waliweza. Walisema "sawa", walisema "vyema", walisema "tumeelewana". Binti yao alikua akishtuka darasani kila mwalimu aliposema "haya, fungueni vitabu". Wageni wakisimama mlangoni na kusema "haya basi, tuonane," mume na mke walikakamaa wote wawili kama waliosikia kengele ya moto. Habari zikasambaa, na yule shangazi wa samaki akatangaza mtaani kwamba kuna nyumba moja, anaijua, watu wake hawana haya hata kidogo. Fundi alilipenda hilo. Akilikumbuka aliondoa lenzi jichoni ili acheke vizuri.

Miaka kumi na tisa ilipita hivyo.

Tena kuna siku moja baada ya Diwani ambayo lazima itajwe. Fundi aliumia kidole kwa kioo cha saa, hakuweza kushika ufito, akampa mkewe ajaribu. Kifundo cha mkono kilichozoea sindano na gurudumu la cherehani kilirusha ule mshipi kwa namna iliyomfanya Fundi asahau maumivu ya kidole. Alasiri moja, trauti watatu. "Kumbe nimeoa mvuvi!" alisema. Lakini jioni mke alimrudishia ufito. "Nikishika huu, nani atashika wavu?" aliuliza, na swali likaishia hapo kwa sababu wote wawili waliona halina jibu.

Sasa basi, baada ya kurudi kutoka dukani mikono mitupu, kukaanza mchezo wa asubuhi. Fundi aliamka, akasogezwa kwenye mito, akapewa dawa, na kabla ya yote akauliza, "Wavu bado?"

"Bado."

"Hujapata?"

"Nyavu zao mbovu. Mishono kama imeshonwa na mtu aliyefungwa macho."

Kesho yake: "Bado?" Bado, duka limefungwa, mwenyewe ana msiba. Keshokutwa: bado, wameagiza mwingine. Fundi alitikisa kichwa taratibu, akasema hakuna haraka, cha muhimu uwe wa mkono wake. Mama Pindo alijifanya anatafuta kibanio cha sindano chini ya cherehani, akainama huko mpaka macho yakauke.

Binti alikuwa akipiga simu kila jioni kutoka mji aliokuwa akifanya kazi. "Shikamoo mama. Umemwambia?"

"Marahaba. Bado."

"Mama, ana haki ya kujua."

"Njoo umwambie wewe."

"Nimeomba ruhusa, nitakuja mwisho wa mwezi," binti alisema kwa sauti ya chini, na Mama Pindo akajuta ukali wake.

Kwa nini hakununua tu wavu, mgonjwa akafurahi? Alijiuliza hilo mwenyewe, akiwa ameketi mbele ya suruali ya mtu kwa saa nzima bila kuigusa. Aliogopa, ndivyo. Wavu usiponunuliwa, kulikuwa na kitu kinachongojwa. Safari ilikuwa inachelewa tu, kwa sababu ya wavu. Ukishanunuliwa, Fundi atasema twende, na hapo hakuna mshono mbovu wala duka lililofungwa la kujifichia. Kila "bado" yake ilikuwa siku moja aliyoiiba, na aliziiba bila aibu.

Wiki ya nne mvua ilinyesha mfululizo, chumba kikanuka nguo mbichi, na Fundi akaanza kupumzika katikati ya sentensi. Asubuhi moja hakuuliza. Alitazama dirisha tu. Hilo lilimtisha Mama Pindo kuliko lile swali. Alivaa koti akaenda, akachukua ule wa mpira, wa mpini mrefu, bila hata kuugeuza. Mwenye duka alisema amechagua vizuri kwa watu wanaovua wawili, na yeye akaitikia.

Fundi aliupokea kwenye mapaja yake kwa mikono miwili. Aliomba lenzi. Akaibana jichoni kama zamani, akapitia ukingo wote wa duara, tundu kwa tundu, pale mpira ulipokutana na mbao. Mama Pindo alisimama mbele yake kama mwanafunzi.

"Mfuko mzuri," alisema Fundi. Akapumzika. "Mbao nzuri." Akapumzika tena, kisha akaushika mpini, akaufuata kwa mkono mpaka mwisho, mbali, karibu na mlango. "Kwa nini mrefu?"

"Ndio wetu, Fundi. Siku zote wetu ni mrefu."

"Nilisema uchague kwa mkono wako. Sikusema kwa mikono yetu."

"Sasa mimi nitasimama wapi na mfupi? Wewe ukiwa kule na ufito..."

"Mimi siko kule," Fundi alisema. Aliondoa lenzi. Ilikuwa imemwachia duara jekundu jichoni, na aliongea kwa upole uleule aliowaambia nao watu kwamba saa ya marehemu baba yao haitengenezeki. "Pindo. Mimi ni fundi saa. Kitu kikipiga vibaya ninakisikia, tena hiki kiko humu ndani, hata sihitaji kuinama."

Mama Pindo alikaa kitandani. Kitu cha kwanza kilichompanda kilikuwa hasira.

"Tangu lini?"

"Kabla ya daktari."

"Ukaniacha nizunguke wiki nne na uongo! Nimemzulia yule mtu wa watu msiba!"

"Na wewe ukaniacha niulize kila asubuhi." Alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Nilikuwa nasubiri kuona msiba utakaofuata utakuwa wa nani."

Akacheka yeye kwanza. Mkewe akamfuata, kisha kicheko chake kikageuka katikati, akalia kwa sauti, akiwa amejifunika uso kwa shuka la mgonjwa, na Fundi akaweka mkono juu ya kitambaa cha kichwa chake akauacha hapo. Watu wazima wawili, chumba kimoja, kila mmoja akimficha mwenzake jambo ambalo wote wanalijua. Huo ni upumbavu, na mimi sijui ndoa ya muda mrefu isiyokuwa nao.

"Uliuliza nani atashika wavu," Fundi alisema baadaye. "Nimechukua muda kukujibu. Utashika wewe, ufito huku, wavu huku. Neno 'bado' utajiambia mwenyewe, na lile neno jingine utajiambia mwenyewe. Usinitundikie ufito ukutani uwe picha. Karudishe huo, chukua mfupi."

Alikwenda siku hiyo hiyo, mvua ikinyesha. Mwenye duka alipomwona na wavu chini ya koti alidhani kuna mshono amegundua, akaanza kujitetea kabla hajasalimiwa.

"Hauna kasoro," Mama Pindo alisema. "Nataka ule wa mpini mfupi."

"Kumbe mnavua mmoja?"

Ilikuwa sentensi isiyo na ubaya wowote. Alitazama nyavu zilizotundikwa ukutani, zile za watu wawili na zile za mtu mmoja, na akaona zile za mtu mmoja ndizo nyingi.

"Mmoja," alisema.

"Haya mama, ngoja nikufungie," alisema mwenye duka, akijiandaa kurudi nyuma. Lakini safari hii mikono ya mteja wake haikunyanyuka. Ilibaki juu ya kaunta, imeshikana.

Wavu wa mpini mfupi haubebwi mkononi. Unaning'inizwa mgongoni, chini ya shingo, kwa sumaku, ili mvuvi aunyake kwa mkono mmoja wakati samaki amefika. Fundi alitaka auone umevaliwa. Mama Pindo akavaa fulana ya uvuvi ya mumewe, iliyompita mabega, akamgeuzia mgongo pale kwenye kiti, na Fundi, kwa vidole vilivyovimba, akamtafutia mahali pa kishikizo. Alichukua muda mrefu. Juu kidogo. Chini kidogo. Akamwomba pini zake za kushonea, akaweka alama tatu kwenye mabega, mahali pa kupunguzwa, akihesabu pumzi kati ya pini moja na nyingine.

"Simama wima," alimwambia. "Wateja wako unawaambia nini?"

"Nawaambia wasijikunje."

"Basi usijikunje."

Kila asubuhi iliyofuata alimwomba aunyake. Aupeleke mkono nyuma, akute mpini bila kutafuta. Siku ya kwanza aliangusha glasi ya maji. Siku ya nne aliunyaka akiwa ameshika mfagio mkono wa pili badala ya ufito, na Fundi akasema hiyo ndiyo. Baada ya hapo hakusema mengi.

Binti alifika mwisho wa mwezi, kama alivyoahidi. Alimkuta baba yake amekuwa mdogo kwenye mito, na fulana ya uvuvi imetundikwa mlangoni, mabega yamepunguzwa kwa mishono isiyoonekana. Alivua viatu, akaanza kufua mashuka.

Alasiri ya tatu tangu binti afike, mvua ilikuwa imeacha. Mwanga uliingia ukaangukia ile meza iliyofunikwa kitambaa. Binti alikuwa uani akianika. Fundi hakuwa amesema neno tangu jana yake; vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya shuka, vikizungusha uzi ambao haupo, vikifunga nzi. Pumzi zilikuja, zikakaa, zikaja tena. Mama Pindo aliketi karibu naye na kazi ya mtu mapajani, sindano imesimama.

Fundi akafungua macho. Yalimtafuta, yakampata.

"Bado?" aliuliza.

"Wavu upo, Fundi. Si ule pale mlangoni? Ulinifungia mwenyewe." Aliinuka autoe, aulete machoni pake.

Hakuutazama. Alimtazama yeye. "Pindo," alisema, kwa shida. "Bado?"

Hapo akaelewa kwamba swali si la wavu, na pengine halikuwa la wavu tangu asubuhi ile ya kwanza. Fundi alikuwa amechoka. Alikuwa amelala ubavu juu ya maji kwa wiki sita, akingojea neno la mwenye ufito, na ufito haukuwa tena mkononi mwake. Mama Pindo alilitaka lile neno lake, "bado". Lilikuwa limeshafika mdomoni, amelizoea, lingempa labda mpaka kesho. Uani, binti alikung'uta shuka.

Akaiweka kazi ya mtu chini. Akapitisha mkono wake chini ya kichwa cha mumewe, kutoka chini, polepole, bila kumkimbiza, jinsi alivyofundishwa.

"Haya," alisema.